Shamba la Mwisho kwenye Mfongo

Mjukuu wangu Neema alipokuja kunitembelea likizo hii alikuja na swali la shuleni. Walitakiwa waeleze kwa nini watu wa kale walijenga makazi yao karibu na maji. Yeye alikuwa ameshaandika: kunywa, kupika, kuoga, kufua, kumwagilia mazao na kunywesha mifugo. Akaniuliza kama kuna kingine. Nikamwambia kipo, ila ni kirefu. Akasema basi babu, haya yanatosha, akatoka kwenda kucheza. Kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Ninyi ni vijana mnaoshika spana leo, na wengine wenu hamshiki kitu ila simu. Siwalaumu, simu ni nyepesi. Mimi naitwa Eliamini, fundi bomba mstaafu. Nguvu zangu zote zimeishia kuwapelekea watu maji, huku Upare kusini milimani na kule chini tambarare. Nimechimba mitaro Gonja, nimefunga koki Makanya, na nimeumwa na siafu mahali pengi ambapo hapana haja ya kupataja. Nilipostaafu nilijenga Same mjini na kuvuta bomba mpaka ndani ya jiko. Fundi bomba asiye na bomba jikoni watu humsema.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Zefania, msimamizi wetu. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa anaweza kula makande asubuhi, mchana na jioni bila kulalamika. Mengine yote aliyalalamikia. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, nikifika kijiji nisichokijua, chanzo cha maji cha kuaminika nitakipataje. Nikajibu kwa kujiamini kwamba nitafuata sauti ya mto. Alinitazama kidogo, akaniambia niende nikachukue sururu. Nilichimba kwa sururu ile mpaka mvua za vuli zikaja, hakunieleza kitu.

Alikuja kunieleza baadaye, tukiwa tumekaa juu ya bomba tukingojea gundi ikauke. "Mto mwongo," alisema. "Masika kila korongo linajiita mto. Wewe tafuta mji mkongwe. Angalia migomba iliyozeeka, angalia masale yaliyopandwa mipakani, angalia makaburi. Watu hawazikani mahali wanapopita tu. Waliokaa hapo walishaona kiangazi kibaya, na hawakuondoka. Basi maji yapo."

Hilo lishikeni, maana halipo kwenye vipimo vyenu. Nimeliona likifanya kazi. Kulikuwa na mradi mmoja, siutaji, ambao wataalamu wake walikuja kupima maji katikati ya masika. Waliona kijito kinapiga kelele, wakakipenda, wakajenga. Kiangazi kilipofika, koki zilikohoa, zikatoa upepo, kisha zikanyamaza. Wenyeji hawakukasirika sana. Walianza kuzifungia mbuzi. Kuna mbuzi pale alifungwa kwenye koki akazaa, na watoto wake nao wakafungwa hapohapo walipokua. Bomba lilikuwa imara, hilo lazima nikubali.

Lakini msidhani watu wa kale walijenga juu ya maji kabisa. Hapo ndipo Neema na kitabu chake wanapoharakisha. Tulipokuwa tunajenga birika la kunyweshea ng'ombe kule tambarare, upande wa Makanya, alikuja mfugaji mmoja anaitwa Lemburis. Sisi tulikuwa tumechagua mahali pazuri, karibu na boma lake, tukidhani tunamfanyia hisani. Akasimama na fimbo yake, akauliza, "Hili mnaliweka hapa?" Tukasema ndiyo, mzee, ili usiende mbali. Akasema, "Sasa ng'ombe wa dunia nzima watakuja kulala mlangoni kwangu, na ninyi mtakuwa mmeondoka." Tukalihamisha. Akatushukuru kwa maziwa, na Zefania akalalamika kwamba hayakuwa na makande.

Huku milimani ni vivyo hivyo. Mababu zetu hawakujenga kwenye jicho la chemchemi. Walijenga hatua kadhaa pembeni, ili uchafu usitiririkie majini, na chungu chenye masizi kilikuwa hakichovywi pale hata kidogo. Mama yangu alinichapa kwa sababu ya chungu kama hicho. Nilikuwa nimetumwa na yeye mwenyewe, lakini hakuona kwamba hilo linahusiana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mimi nimezaliwa Ngwasi, kitongoji kilicho juu ya Mamba, kule kwa watu wa tangawizi. Ngwasi haina mto. Ina chemchemi ndogo, ambayo ukiitazama utaihurumia. Chemchemi ya aina hiyo ukiifungulia moja kwa moja shambani, maji yanaishia njiani, ardhi inayanywa. Kwa hiyo wazee walichimba bwawa chini yake, wakalizungushia ukuta wa udongo na mawe. Hilo sisi tunaliita ndiva. Jioni unaziba tundu lake, maji yanajikusanya, asubuhi unazibua. Yanatoka kwa nguvu, yanashika mfereji, yaani mfongo, na mfongo unashuka ukipita shamba la huyu na la yule mpaka shamba la mwisho.

Na Ngwasi tulikuwa na utaratibu wetu. Kwa akili ya kawaida utasema maji yaanze kwa aliye juu, kisha yashuke. Sisi hapana. Siku ya kwanza ya zamu, maji yalianza kwa wa mwisho. Yalipita mashamba yote bila kuguswa, yakafika chini kabisa, huyo akishiba ndipo anayefuata juu yake anachukua, hivyo hivyo mpaka juu. Utotoni niliona ni ujinga. Nilipojifunza kazi ndipo nikaelewa. Kama maji lazima yafike mwisho kwanza, basi kila mtu lazima asafishe kipande chake cha mfongo, azibe matundu ya panya, aondoe magugu, la sivyo zamu yake haiji. Anayevujisha anawachelewesha wote, na wote wanajua nyumba yake ilipo. Ndivyo watu walivyolazimika kujuana mpaka majina ya mbuzi.

Shamba la mwisho lilikuwa la dada yangu, Nakiete. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliolewa hapohapo Ngwasi, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Mbazi, na tangawizi. Mbazi alisomeshwa na tangawizi ile. Dada ni mtu wa sauti. Alikuwa akisimama mwisho wa mfongo kuuliza maji yamekwama wapi, na waliokuwa kwenye ndiva walimsikia na kumjibu.

Ofisi yetu ndiyo iliyopeleka bomba Ngwasi. Tulilivuta kutoka kwenye kijito kikubwa ng'ambo ya kilima, na Zefania alinipa kazi ya kuweka vilula, yaani zile koki za nje za kuchotea watu wote, kila penye nyumba kadhaa kilula kimoja. Watu walifurahi. Mchungaji aliomba, kwaya iliimba, na koki ilipofunguliwa haikutoa kitu. Ilikuwa hewa imeziba. Bomba linalopanda na kushuka hukusanya hewa pale juu kwenye mgongo, na maji hayapiti mpaka uitoe. Msijaribu kuisukuma kwa kuongeza maji, na msiape mbele ya mchungaji. Nendeni mgongoni, mlegeze kiungio, msikilize. Ikishaacha kupuliza, funga. Kwaya iliimba wimbo huo huo mara kadhaa nikiwa huko juu.

Mtu mmoja tu alikataa kilula mlangoni. Nilimwambia, "Dada, wewe ndiye uliye mbali na chemchemi kuliko wote. Nakuwekea hapa karibu na jiko."

"Weka kwa Mama Joshua," alisema. Mama Joshua ni jirani yake wa juu, shamba linalofuatana na lake.

"Kwa nini usiwe hapa?"

"Nikienda chemchemini napata habari za watu. Hicho kitoto chako cha chuma kitaniambia nini?"

Nikaweka kwa Mama Joshua. Zefania alicheka, na hiyo ilikuwa mara pekee nilipomwona akicheka kabla ya kula.

Sijutii lile bomba, na msije mkasema Eliamini amelaani maendeleo. Kina mama waliacha kubeba ndoo mlimani wakiwa na mimba. Nimezaliwa na mmoja wao, najua nilichowaondolea. Ila yalitokea mambo mengine ambayo hatukuyapanga. Watu walivuta mipira kutoka kwenye vilula kwenda kwenye tangawizi zao, kinyume cha sheria, na sisi tukajifanya hatuioni mipira ile, ingawa tuliiruka tukipita. Mwenye mpira ana haja gani na mfongo? Ilipopigwa pembe ya msaragambo, ile kazi ya wote ya kusafisha ndiva, walianza kutuma udhuru. Mwanzoni udhuru ulikuwa wa maana, mgonjwa, msiba. Baadaye mtu alisema tu kwamba leo hajisikii. Ndiva ikajaa matope, matope yakakauka, yakaota nyasi. Vijana wakaona hapo ndipo penye tambarare pekee Ngwasi, wakaweka magoli. Golikipa wa upande mmoja alikuwa anasimama mlangoni pa chemchemi, na inasemekana alikuwa akiteleza sana.

Dada peke yake ndiye aliyeendelea kusafisha kipande chake. Maji kidogo yaliyozunguka uwanja wa mpira yalimfikia siku moja moja, yakiwa yamechoka.

Mimi nikastaafu. Zefania alishatangulia, na mke wangu naye akatangulia, nikabaki Same na bomba langu jikoni. Asubuhi nafungua, linatoka, nafunga. Kulikuwa na ukimya ndani ya ile nyumba ambao sikuupenda, lakini sikumwambia mtu.

Kisha zikaja mvua kubwa, mlima ukaporomoka ng'ambo ya Ngwasi. Namshukuru Mungu hakukuwa na nyumba pale. Bomba likabaki linaning'inia juu ya korongo, limekatika kati. Nilipigiwa simu, nikaenda kuliangalia. Kazi ile ilikuwa ya winchi na nguzo za zege, haikuwa ya mstaafu. Ofisi ikasema inalishughulikia. Nimefanya kazi ofisini, neno lile nalijua.

Kiangazi kikaingia. Kwa maji ya kunywa, watu walirudi chemchemini na ndoo. Lakini tangawizi ilikuwa imeshapandwa, na tangawizi ikikosa maji inasinyaa inakuwa na nyuzi, hata kwenye chai haifai. Wengine wakaanza kushuka kwa ndugu zao, Makanya, Same, wengine mbali zaidi. Nyumba moja ikifungwa, ya jirani nayo inajiuliza. Mbazi, mtoto wa dada, ana kazi kule Makanya kwenye machimbo ya jasi, na ana nyumba nzuri karibu na barabara. Akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Mbazi."

"Mjomba, mama atafia kule juu. Kila siku anafagia mfereji mkavu. Mimi hanisikilizi. Wewe nenda ukamwambie ashuke, chumba chake kipo tayari."

Nikaenda kumshawishi ashuke. Nataka mlielewe hilo, kwamba nilipanda nikiwa upande wa Mbazi. Nilimkuta kweli anafagia mfongo, na jembe limeegemezwa pembeni.

"Dada, shuka kwa mwanao. Hapa kumekwisha."

"Nikishuka, wa mwisho atakuwa nani?"

"Mama Joshua."

"Naye akishuka?"

"Atakuwa wa juu yake."

"Haya. Endelea kuhesabu mpaka ufike kwenye ndiva, uniambie nani atabaki kuizibua."

Nilihesabu kichwani, sikupenda nilipofika. Nikamwambia tujaribu kwanza, tuite msaragambo, tusafishe ndiva, ikishindikana ashuke. Akakubali. Ilikuwa ni tangawizi yake ya mwaka mzima na nyumba aliyozikia mume wake, lakini alikubali kama mtu anayekubali chai.

Pembe ilipigwa. Siku ya kwanza walikuja wachache, na mmoja wao alikuja kuuliza kama mechi imeahirishwa. Lakini kiangazi ni msimamizi mkali kuliko Zefania, na siku zilizofuata walikuja wengi. Tulitoa magoli, tukachimba matope, tukakandika ukuta kwa udongo mfinyanzi. Aliyewaongoza alikuwa Joshua, yule mtoto wa Mama Joshua, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa tangawizi. Ni kijana mwenye akili, hana makuu, ila hajaoa, anakula kwa mama yake. Shamba lake mwenyewe liko juu, karibu na ndiva.

Ndiva ilipojaa ikazuka hoja ya kuanzia wapi. Dada alisema maji yaje chini kama zamani. Joshua alisema, kwa adabu kabisa, "Mama Mbazi, shikamoo, mimi sikatai. Lakini mfongo umekaa miaka bila kusafishwa. Tukiyapeleka chini yatapotelea njiani, hatapata wa juu wala wa chini. Tuanze juu, tuokoe tangawizi zilizo karibu, kisha yashuke kwako."

Yalikuwa maneno ya akili. Wengi waliitikia kwa vichwa, na mimi kichwa changu nacho kilitikisika kidogo. Dada hakubisha. Alisema tu, "Nitayangojea."

Asubuhi wakazibua. Wa juu wakamwagilia, wakaona vizuri, wakarudi nyumbani. Nani angesafisha mfongo wa mbele yake, na yeye ameshapata? Maji yalifika kwa watu wa kati, yakaingia kwenye matundu ya panya, yakakata. Nilishuka kumtazama dada. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mwisho wa mfongo, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikivaa kwa ajili ya maji. Jua lilipanda, likavuka, na yeye amekaa palepale anatazama udongo. Iliniuma, jamani. Sijawahi kuumia vile kwa jambo la maji, na nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote.

"Mpigie Mbazi," aliniambia. "Aje."

Mbazi akaja na pikapu ya kukodi. Dada alipanda mbele, jembe akaliweka miguuni. Hakulia wala hakuaga. Alimwambia Mama Joshua kitu kimoja tu: "Nikisikia yamefika, nitarudi. Yasipofika msinisumbue." Mimi nikashuka nao mpaka Makanya, nikapanda basi kurudi Same, kwenye bomba langu la jikoni.

Mnadhani mambo yaliishia hapo. Hata Joshua alidhani hivyo. Zamu nyingine ilipofika, maji yakaanza tena juu, na yakakatika tena katikati. Tangawizi ya Joshua ikawa na majani ya kupendeza. Ya mama yake ikaanza kujikunja. Mama Joshua hakusema neno. Aliacha tu kumpikia. Joshua akawa anachemsha mihogo mwenyewe, anakula na chumvi, na mara nyingine chumvi yenyewe anaisahau. Kisha akasikia mama yake anaulizia usafiri wa kwenda Gonja, kwa binti yake aliye muuguzi hospitalini, na kwamba anaulizia usafiri wa vyombo vyote.

Hapo mwenyekiti akaelewa hesabu ile ambayo dada alinipa mimi. Akaitisha mkutano, akasema utaratibu wa zamani urudi, maji yaanze chini kabisa. Wote wakakubali. Wakamgeukia Mama Joshua, kwa kuwa ndiye wa mwisho sasa. Naye akakataa.

"Wa mwisho ni Nakiete," alisema. "Yupo hai, yuko Makanya. Mimi nianze kunywa maji ya mtu aliye hai, niitwe mwizi?"

Wakamweleza kwamba Nakiete hawezi kurudi mpaka asikie maji yamefika. Mama Joshua akasema hilo ni juu yao. Hivyo ndivyo Ngwasi ilivyokwama, ndiva imejaa, wenye kiu wamekaa, na hakuna mtu wa kumwanzia. Nimetoa hewa kwenye mabomba mengi lakini sijawahi kuona iliyoziba namna ile.

Joshua alishuka na bodaboda mpaka Same, akaja kwangu, kilo kadhaa za tangawizi mkononi. Akaketi jikoni, akaisifu koki yangu. Akaisifu tena. Nikamuuliza kama amekuja kwa ajili ya koki.

"Hapana, mzee." Akakuna kichwa. "Lile shamba la dada yako. Akiwa hayupo yeye, anaweza kusimama mtu wa damu yake. Mama amesema huyo atamkubali."

"Mimi ni mstaafu."

"Ndiyo, mzee. Kazi yenyewe ni kusimama."

Vijana mna maneno. Nilitazama ile koki, nikatazama kiti cha pili ambacho kilikuwa hakikaliwi na mtu. Nikaenda kutafuta viatu vya shambani.

Haikuwa kazi ya kusimama. Safari hii kila mtu alisafisha kipande chake mpaka chini, maana bila hivyo hapati. Niliwafundisha kupima mwinuko kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, maji yanasimama usawa mmoja pande zote mbili, unaona palipoinuka na palipolala. Marehemu Zefania alikuwa akisema kifaa hicho hakihitaji betri na hakina kiburi. Tulipata kipande kimoja ambacho mfongo ulikuwa unapanda mlima bila kujua. Tukakichimba. Wao nao walinifundisha kutandaza magome ya mgomba mahali pa kichanga ili maji yasinywewe, kitu nilichokiona utotoni nikakisahau kazini.

Asubuhi ya zamu nilisimama mwisho wa mfongo na jembe la kuazima. Juu huko Joshua alizibua. Nilisikia watu wakiitana shamba kwa shamba, "Yamepita kwangu!" "Yamepita na kwangu!" sauti zikiteremka, mpaka ya Mama Joshua, aliyekuwa hajazungumza na mwanawe kwa muda. Alipiga kelele, "Yamepita, Joshua!" na Joshua akala ugali siku hiyo. Kisha nikayaona. Yalikuja polepole, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma majani makavu na kandambili moja. Yakaingia kwenye shamba la dada yangu. Sikutarajia kutoa machozi mbele ya kandambili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikampigia simu. Niliishusha tu simu mpaka karibu na maji, nikaishikilia hapo. Nikairudisha sikioni nikitegemea machozi.

"Hayo ni machache," alisema.

"Dada, umeyasikia tu, hujayaona."

"Nayajua. Ni machache. Kuna mtu anavujisha. Na wewe umefungulia upande gani?"

"Wa kushoto."

"Loo! Kushoto kuna mtelemko, yatakwenda na mbolea yangu yote. Eliamini, wewe kweli ulikuwa fundi?"

Akakata. Kesho yake bodaboda ilipanda kilima, dada amekaa nyuma, jembe begani, na kijana wa pikipiki amechoka kwa kusimuliwa. Alishuka, hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa mfongo, akavua kiatu, akaingiza mguu majini, akakaa hivyo kwa muda. Halafu akazibua upande wa kulia.

Nilijua kwamba sasa naweza kurudi Same. Nikaanza kukunja nguo. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia kwangu. Akasema Same kuna nini. Nilifikiria, nikataja bomba. Akasema nikitaka, ananikatia kipande cha juu cha shamba lake, kina kibanda, kinavuja lakini mimi si ndiye fundi. Nyumba ya Same wanakaa wazazi wa Neema sasa, na nasikia wanaisifu sana koki.

Bomba la ofisi nalo lilitengenezwa hatimaye, vilula vinatoa maji ya kunywa, na tumekubaliana mpira usivutwe kwenda shambani. Anayeuvuta anatajwa kwenye msaragambo mbele ya mkwe wake. Kwa hiyo mimi sasa ni wa pili kutoka mwisho. Maji yanaanza kwa dada, kisha yanakuja kwangu, kisha kwa Mama Joshua, ambaye ananiuliza kila siku kama nimemaliza.

Leo asubuhi nilipitiwa na usingizi. Nikashtushwa na jembe linalogonga dirisha.

"Eliamini! Kipande chako kimeziba! Unataka nife kwa kiu?"

"Nimesikia, dada."

"Basi toka!"

Neema alikuwa amelala chumba cha pili, naye akaamka, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni jibu la swali lake, alale tu. Same nilikaa na bomba langu ndani ya jiko, na hakuna mtu aliyewahi kuja kunigongea dirisha. Nikavaa ile kandambili moja niliyoiokota na nyingine isiyofanana nayo, nikatoka.